Namba za DV zipo kwenye gari, mbona tukapigwa tiketi?

SWALI: Habari kaka. Mume wangu ni Mkenya aliyeingia jeshi la Marekani kupitia ule mpango wa lugha, akapelekwa Afghanistan, akatoka na majeraha. VA, yaani Wizara ya Wastaafu wa Jeshi, wamempa asilimia 70 ya ulemavu: 50 ya PTSD (maradhi ya akili yanayobaki baada ya matukio ya kutisha), 30 ya goti na 10 ya masikio yanayovuma. Tunaishi Fort Worth, Texas, na gari letu lina namba za DV (Disabled Veteran), za mwanajeshi mstaafu mwenye ulemavu. Juzi alipaki kwenye nafasi ya walemavu mbele ya supamaketi, akatoka na kukuta tiketi. Ana hasira, anataka kuzing'oa namba hizo. Si serikali yenyewe iliyompa? Pia sielewi jinsi 50, 30 na 10 zilivyokuwa 70. Je, mimi naruhusiwa kuliendesha gari hilo peke yangu? Tunafikiria kuhamia Florida, na nimesikia VA huwanunulia wastaafu magari. Naomba utufafanulie.

JIBU: Dada, mwambie shemeji aziache namba zikae pale zilipo. Yeye hakumdanganya mtu, na aliyeandika tiketi naye alifuata sheria. Kilichowakuta ni mabadiliko ambayo familia nyingi za wanajeshi hazikuyapata habari zake hadi siku ya tiketi.

Hadi mwisho wa mwaka 2021, gari lenye namba za DV liliruhusiwa kupaki kwenye nafasi za walemavu Texas bila kuongezewa kitu chochote. Mwaka huohuo bunge la jimbo likapitisha mswada SB 792, na kuanzia tarehe 1 Januari 2022 mambo yakabadilika. Anayepaki kwenye nafasi hizo sasa lazima gari lake lionyeshe alama ya kiti cha magurudumu. Alama hiyo inaweza kuwa imechapwa kwenye namba zenyewe, au iwe kwenye kadi ya buluu inayoning'inizwa kwenye kioo cha mbele. Maandishi yanayosema mwenye gari ni mwanajeshi mstaafu mwenye ulemavu hayatoshi tena. Kwa hiyo leo Texas ina namba za DV za aina mbili, zenye kiti na zisizo na kiti. Nenda nje ukazitazame za kwenu. Nakuhakikishia hutakiona kiti.

Najua shemeji atauliza: kama VA imekubali kwamba mimi ni mlemavu, jimbo linakataa nini? Jimbo halijakataa. Ni kwamba VA na jimbo hawapimi kitu kimoja. Asilimia za VA hupima jinsi ugonjwa au jeraha la utumishini linavyompunguzia mtu uwezo wa kujitafutia riziki. Mtu anaweza kuwa na asilimia 100 ya PTSD na bado akakimbia kilomita 10 kila asubuhi. Mwingine ana 30 tu ya goti, na kutoka kwenye gari hadi mlango wa duka kwake ni safari. Nafasi ya kupaki iliyo karibu na mlango iliwekwa kwa ajili ya huyu wa pili. Wastaafu waliozoea utaratibu wa zamani walilalamika, na ninaelewa uchungu wao, lakini kwa maoni yangu sheria hii ni ya haki. Nafasi ni chache, na mwenye kiti cha magurudumu akikuta zimejaa hana pengine pa kushukia.

Namba za DV zilitolewa kwa sababu nyingine: kutambua kwamba mtu huyu aliumia akiwa kazini kwa nchi. Kwa Texas kigezo ni asilimia 50 au zaidi ya ulemavu uliotokana na utumishi, au 40 ikiwa imetokana na kukatwa mguu. Mumeo ana 70, kwa hiyo ni zake na hakuna wa kumnyang'anya maadamu mko Texas. Wala si heshima tupu. Seti ya kwanza hugharimu dola 3, wakati ada ya msingi ya kusajili gari dogo kila mwaka ni dola 50.75. Namba hizo pia zinamwondolea malipo ya mita za maegesho zinazosimamiwa na miji na kaunti, ziwe na kiti au zisiwe nacho. Gereji ya mtu binafsi haimo kwenye msamaha huo, na maegesho ya serikali ya shirikisho hayamo. Kwenye barabara za kulipia, sheria ya Texas inaziruhusu mamlaka kuwasamehe wenye DV, ila haizilazimishi. Kila mamlaka ina utaratibu wake, na kwa kawaida ni lazima uandikishe gari lako kwao kwanza. Nimeona watu wakipita wakidhani ni bure, kisha bili zikaanza kumiminika nyumbani.

Sasa tuje kwenye kiti. Kanuni za serikali ya shirikisho za mwaka 1991, ambazo majimbo yamezifuata kwa karibu, zinataja nani anastahili. Ni asiyeweza kutembea futi 200 bila kusimama kupumzika. Anayehitaji fimbo, mkongojo, kifaa cha kushikilia mguu au mtu wa kumsaidia. Mwenye mapafu dhaifu kwa kiwango kilichotajwa au anayebeba oksijeni. Mwenye moyo dhaifu wa daraja la tatu au la nne. Na yule ambaye baridi yabisi, mishipa ya fahamu au mifupa imemzuia sana kutembea. Futi 200 ni kama mita 60. Kwenye uwanja wa supamaketi hayo ni magari ishirini na kitu yaliyopangwa ubavu kwa ubavu. Siku goti linapomsumbua, tembea naye umbali huo bila kumwambia kwamba unampima, uone anasimama wapi. Wanaume waliopita jeshini wana tabia ya kumwambia daktari "niko sawa" na kurudi nyumbani wakichechemea. Daktari naye huandika anachoambiwa.

Kama goti linamfikisha kwenye vigezo hivyo, fomu ya Texas ni VTR-615. Hiyo moja inatumika kuombea namba za DV na kadi ya kupakia. Ina sehemu ya daktari ya kuthibitisha hali ya mwendo, na utaambatanisha barua ya VA inayoonyesha asilimia zake. Barua hiyo anaipakua mwenyewe kwenye akaunti yake ya VA.gov bila malipo. Makaratasi yapelekwe ofisi ya kodi ya kaunti, maana kwa Texas huko ndiko namba za magari zinakoshughulikiwa. Hakikisha jina lake limo kwenye hati ya umiliki wa gari. Nimewaona wenzetu wengi ambao mke ndiye aliyenunua gari kwa mkopo na hati ina jina lake peke yake, halafu wanashangaa kwa nini karani anawarudishia fomu.

Mtaulizwa mnataka kiti kwenye namba au kadi. Ushauri wangu kwa nyumba yenye gari moja na madereva wawili: bakini na namba za DV zisizo na kiti, ombeni kadi ya buluu. Kadi inamfuata mtu. Akipewa lifti na rafiki kwenda kanisani, anaining'iniza kwenye gari la rafiki. Wewe ukitoka peke yako kwenda kazini, kadi inabaki nyumbani na hakuna wa kukushuku. Kadi ya kudumu ya Texas hailipiwi na inakaa miaka 4. Ile nyekundu ni ya muda, kwa mtu aliyevunjika mguu na anayetarajiwa kupona. Mkishaanza kuendesha, ishusheni kadi kwenye kioo, kwa sababu inaziba macho ya dereva.

Hapo nimekujibu nusu ya swali lako la kuendesha. Gari unaliendesha wakati wowote, namba za DV hazikuzuii. Usilofanya ni kutumia nafasi ya walemavu wakati yeye hayumo safarini. Ukimpeleka kliniki na yeye ndiye anayeshuka, uko ndani ya sheria hata kama wewe ndiye uliyeshika usukani. Ukienda peke yako kumnunulia dawa, paki kama watu wengine, hata mvua ikinyesha. Kosa la kwanza la kupaki hapo bila haki lina faini ya kati ya dola 500 na 750, na kumwazima mtu kadi ni kosa lenyewe. Jambo jingine ambalo watu hulipuuza ni ile sehemu yenye michirizi iliyochorwa mshazari kando ya nafasi ya walemavu. Haina ruhusa kwa yeyote, hata mwenye kadi. Upana wake haupungui futi 5 kwa sababu hapo ndipo kiti cha magurudumu kinapogeukia, au ngazi ya kuteremkia ya van inaposhuka. Pikipiki au toroli la supamaketi likiwekwa hapo, mtu wa van hawezi kurudi ndani ya gari lake.

Kuhusu hesabu, hujakosea kushangaa. VA haijumlishi asilimia kama tulivyofundishwa shule. Inaanza na mtu mzima kabisa, yaani 100. Jeraha kubwa, la 50, linamwondolea nusu. Anabaki na 50. La 30 halihesabiwi kwa 100 bali kwa hiyo 50 iliyobaki, na asilimia 30 ya 50 ni 15. Sasa amefika 65, amebaki na 35. Masikio ya 10 yanachukua 3.5. Jumla inakuwa 68.5, wanaiandika 69, kisha wanaisogeza hadi kumi iliyo karibu: 70. Ndiyo maana kuvuta kutoka 70 hadi 100 ni kazi ngumu kuliko kutoka 0 hadi 70. Masikio yanayovuma hayawezi kupanda, 10 ndiyo mwisho wake.

Lakini ziko njia mbili ambazo ningezichunguza kabla ya kukubali kwamba 70 ndiyo basi. Ya kwanza: kama majeraha yake yanamfanya ashindwe kushika kazi ya maana, VA inaweza kumlipa kwa kiwango cha 100 bila kubadilisha asilimia zake. Kwa mwenye majeraha kadhaa, masharti ya kawaida ni jeraha moja liwe na 40 au zaidi na jumla ifike 70. Mumeo ametimiza yote mawili. Kitakachobaki ni kuthibitisha kwamba kazi inamshinda kwa sababu ya majeraha hayo. Ya pili: alikuwa Afghanistan. Kwenye kambi za huko takataka zilichomwa kwenye mashimo ya wazi, plastiki, mafuta ya ndege na kila kitu, na askari wakavuta moshi huo miezi na miezi. Sheria ya PACT iliyotiwa saini Agosti 2022 iliongeza magonjwa zaidi ya 20 ambayo VA inayachukulia kwamba yalitokana na moshi na sumu za namna hiyo, pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi ikiwemo, bila askari kulazimika kuthibitisha uhusiano. Kama anahema akipanda ngazi na hajawahi kudai chochote cha kifua, apimwe. Mapafu yanaweza kumwongezea asilimia, na yakiwa mabaya vya kutosha yanaweza kumpa hata ile alama ya kiti ambayo goti lilishindwa kumpa.

Asimlipe mtu yeyote kwa hayo. Sheria ya shirikisho hairuhusu malipo ya kuandaa dai la kwanza, na anayekuahidi "asilimia 100 ndani ya miezi mitatu" kwa kukatiwa fungu la malipo yako akimbiwe. Tume ya Wastaafu wa Jeshi ya Texas ina washauri wa madai bila malipo, kaunti yenu ya Tarrant ina ofisi ya wastaafu, na vyama kama DAV, cha wanajeshi wastaafu wenye ulemavu, kilichoanzishwa 1920, vinafanya kazi hiyo bure kwa mwanachama na asiye mwanachama.

Florida ndiko ninakotaka mfikirie mara mbili, ikiwa namba hizi zina maana kwenu. Kila jimbo lina kigezo chake, na namba za DV hazihami na mtu. Florida inampa namba za DV mwenye asilimia 100. Kwa 70 yake, shemeji atazirudisha na kuchukua namba nyingine. Na hamtakuwa na muda mrefu wa kujivuta, kwa sababu Florida inataka gari lisajiliwe ndani ya siku 10 tangu mmoja wenu aanze kazi au mtoto aandikishwe shule. Mkienda kutembea tu, hilo haliwahusu, na kadi ya buluu ya Texas yenye kiti itaheshimiwa huko. Kanuni zilezile za 1991 zinataka majimbo yatambue alama ya kiti ya wenzao. Herufi DV hazimo kwenye mapatano hayo. Msafiri mwenye kadi anaelewana na polisi wa jimbo lolote. Mwenye DV tupu anapaki kwa kubahatisha.

Nirudi kwenye hasira ya mumeo, maana sidhani ni ya tiketi peke yake. Wanaume wetu walioingia kwa ule mpango wa lugha, uitwao MAVNI, walipitia mlango wa kipekee. Ulitangazwa mwishoni mwa 2008, ukafungua jeshi kwa wageni wasio na kadi ya kijani wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo, na wengi wakapata uraia mwanzoni mwa utumishi. Tangu 2016 mpango huo haupokei watu wapya. Mtu aliyetoka Eldoret au Kisii akavaa gwanda la nchi nyingine, halafu akarudi na kichwa kisicholala usiku, hapendi neno mlemavu liandikwe nyuma ya gari analoendea harusini. Ndugu watauliza amekatwa nini. Mpita njia atamwona anashuka kwa miguu yake miwili na kumtolea jicho. Halazimiki kuzibeba. Texas ina namba za wastaafu zisizotaja ulemavu, na kama alijeruhiwa na adui ana haki ya kuuliza kuhusu nishani ya Purple Heart, ambayo ina namba zake. Nishani hiyo haitolewi kwa PTSD. Lakini mtikiso wa ubongo uliotokana na mlipuko wa adui unaweza kuhesabika, ikiwa rekodi za hospitali ya jeshi zinaonyesha hivyo. Kabla ya kubadilisha, apige hesabu ya dola 3 na mita za mjini, kisha aamue kwa moyo uliopoa.

Tiketi yenyewe msiipuuze wala msikimbilie kuilipa. Soma tarehe ya kufika mahakamani nyuma yake, mwende siku hiyo mkiwa na barua ya VA, usajili wa gari na, ikiwa daktari atakuwa amekwisha kuijaza, VTR-615. Kwa sheria, kuwa na goti bovu bila alama kwenye gari si kinga, na siwezi kukuahidi uamuzi. Ila mwendesha mashtaka anayeona mtu alistahili kadi na sasa ameiomba ana la kuzungumza nawe kabla ya kesi kuitwa. Mwombe nafasi hiyo kwa adabu. Kama shemeji hasemi vizuri akiwa na hasira, zungumza wewe.

Na gari la VA: lipo, ni la zamani kuliko sisi sote. Mwaka 1946 bunge la Marekani lilitoa hadi dola 1,600 kwa askari wa Vita ya Pili waliopoteza miguu, ili wajinunulie gari. Leo ruzuku hiyo imepita dola 25,000, haitolewi tena hadi ipite zaidi ya miaka 30, na fedha huenda kwa muuzaji. Ni kwa aliyepoteza mkono au mguu au matumizi yake ya kudumu, aliyepoteza uwezo wa kuona kwa kiwango kilichowekwa, aliyeungua vibaya au mwenye ALS, ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaodhoofisha misuli. PTSD na masikio havimo. Goti linaingia kwa mlango mdogo: likiwa limekakamaa kabisa, halikunji wala kunyooka, VA hugharamia vifaa vya kulirekebisha gari ili aweze kuendesha, bila kulinunua gari lenyewe. Muulize daktari wake kama ameandika hivyo kwenye faili. Fomu ya ruzuku ni 21-4502, ya vifaa ni 10-1394, na kibali cha ruzuku kinatakiwa kiwe mkononi kabla ya kununua gari.